Mtambo wa Upepo Kwenye Barafu: Mwongozo kwa Fundi Anayetoka Nairobi

Fundi aliyezoea mitambo ya Ngong, ya Kipeto kule Kajiado au ya Loiyangalani anajua vumbi, jua kali na upepo usiolala. Akipata mkataba Sweden, Finland au Kanada, mtambo atakaoukuta una sura ile ile: mnara, naseli (chumba cha mashine) juu yake, mapanga matatu. Tofauti ni kwamba kwa miezi kadhaa ya mwaka mapanga hayo yanaweza kubeba barafu, na barafu hiyo lazima ishuke.

Wengi hudhani hatari huisha mtambo unaposimama. Sivyo. Mtambo ulioganda huendelea kudondosha barafu ukiwa umesimama, na nyakati mbaya kuliko zote ni mbili: pale unapowashwa tena, na pale joto la hewa linapopanda kuvuka sifuri. Maelezo ya hapa chini yameelemea huko. Popote yanapotofautiana na kitabu cha mtengenezaji wa mtambo wako, fuata kitabu.

Barafu inavyoshika

Matone madogo ya maji mawinguni hayagandi mara tu hewa inapofika sifuri. Yanaweza kubaki maji hata kwenye −10°C au chini zaidi, mpaka yaguse kitu. Panga likipita ndani ya wingu la namna hiyo, matone hugonga ukingo wake wa mbele na kuganda papo hapo. Kwa hiyo barafu nyingi ya mitambo hutokana na mawingu yaliyoshuka na kufunika kilima. Theluji kavu ya siku yenye −20°C kwa kawaida huteleza na kwenda zake.

Barafu nyeupe, iliyojaa vitundu vya hewa, hukua ikielekea upepo unakotoka na huonekana vizuri kwenye kamera. Barafu ya kioo hutokana na mvua inayoganda inapogusa kitu, au matone makubwa yanayotandaa kabla ya kuganda. Hii ni nzito, karibu kilo 900 kwa mita ya ujazo, hung'ang'ania panga, na kwa kuwa haina rangi unaweza kuitazama usiione. Hupatikana zaidi karibu na sifuri. Siku ya −2°C yenye ukungu na manyunyu iogope kuliko siku ya −25°C yenye anga safi.

Theluthi ya nje ya panga ndiyo hubeba barafu nyingi, kwa sababu ncha hukimbia kasi na kupita kwenye hewa nyingi, na pia ni nyembamba, kwa hiyo matone hayapati nafasi ya kuikwepa. Piga hesabu. Kipande chenye urefu wa mita 1, upana wa sentimita 30 na unene wa sentimita 5 kina zaidi ya kilo 13 kikiwa barafu ya kioo. Mapanga yenye kipenyo cha mita 120 yakizunguka mara 12 kwa dakika, ncha inakwenda mita 75 kwa sekunde, yaani karibu kilomita 270 kwa saa. Kipande kikiachia hapo, kinaondoka na kasi hiyo.

Mstari wa hatari: uchore kabla ya kitu kingine

Kanuni inayotumika sana ni hii: jumlisha kipenyo cha mapanga na urefu wa mnara hadi kwenye habu (kitovu yanapofungwa mapanga), kisha zidisha kwa 1.5. Mtambo wenye kipenyo cha mita 120 na habu iliyo mita 100 juu unakupa 1.5 × 220, yaani mita 330. Ndani ya duara hilo asikae mtu mtambo unapozunguka na barafu.

Mtambo uliosimama una kanuni yake. Chukua nusu ya kipenyo, ongeza urefu wa habu, zidisha kwa kasi ya upepo kwa mita kwa sekunde, kisha gawanya kwa 15. Mtambo ule ule, upepo ukiwa mita 15 kwa sekunde: (60 + 100) × 15 ÷ 15, ni mita 160. Upepo ukishuka, umbali hupungua, lakini chini kabisa ya mapanga hakuna hesabu inayokuokoa.

Kanuni hizi ni za eneo tambarare. Mtambo uliopo ukingoni mwa kilima hutupa mbali zaidi upande wa mteremko, na hapo linahitajika pimo la mtaalamu kwa kituo chenyewe. Weka mabango na taa za kumulika kwenye kila njia inayoingia duarani, zikiwemo njia za kuteleza kwa ski na za pikipiki za theluji. Kule watu hupita popote theluji ilipo, hata pasipo na barabara. Bango lililofunikwa na theluji ni sawa na hakuna, kwa hiyo liinue juu ya kina cha theluji ya mahali hapo na uliwekee ratiba ya kulipangusa.

Kazi za kabla ya baridi

Anza kwa kuuliza mtambo umejengwa kwa baridi gani. Mtambo wa kawaida chini ya viwango vya IEC (tume ya kimataifa ya viwango vya umeme) umesanifiwa kufanya kazi hadi −10°C na kustahimili −20°C ukiwa umesimama. Toleo la nchi baridi mara nyingi hufanya kazi hadi −30°C na kustahimili −40°C, likiwa na chuma kisichovunjika kirahisi kwenye baridi, oili na grisi nyingine, na hita ndani ya makabati. Februari 2021 huko Texas mitambo mingi ya upepo isiyo na vifaa hivyo iliganda ikasimama, sambamba na vituo vya gesi vilivyopoteza umeme mwingi hata zaidi.

Oili ya giaboksi. Oili ya daraja la 320 (namba ya uzito wake), inayotiririka vizuri kwenye nyuzi 40, ikifika sifuri huwa nzito mara kumi na zaidi. Pampu huvuta hewa, chujio hufungua njia ya pembeni na kupitisha oili bila kuichuja, na beringi hukaa kavu dakika za kwanza. Jaribu hita ya oili sasa, wakati hali ya hewa inakuruhusu kuitengeneza. Hakikisha pia oili inazungushwa hita inapowaka, maana oili iliyotulia huungua pale inapogusa hita na kuacha masizi.

Kulanti ya kupozea kibadilishaji umeme na jenereta. Mchanganyiko wa nusu maji nusu glaikoli ya ethilini huganda karibu na −37°C; ukiwa na glaikoli asilimia 40, huganda kwenye takriban −24°C. Fundi akiongeza maji matupu kiangazi kwa sababu kiwango kilishuka kidogo, bomba litapasuka Januari. Pima kwa refraktomita, kifaa kinachoonyesha kiasi cha glaikoli, andika namba kwenye daftari la mtambo.

Akumuleta za haidroliki, yaani matungi yanayohifadhi mgandamizo wa akiba, ndizo zinazogeuza mapanga yakwepe upepo umeme unapokatika, na gesi ya nitrojeni iliyomo ndani hupoteza mgandamizo kadiri inavyopoa. Kutoka nyuzi 20 hadi −30 ni kutoka kelvini 293 hadi 243: bar 100 zinabaki karibu 83 bila hata tone la gesi kuvuja. Ukijaza gesi siku yenye joto, tumia jedwali la mtengenezaji la kusahihisha kwa nyuzi. Mitambo inayotumia betri badala ya haidroliki ina tatizo lile lile kwa sura nyingine, kwani betri baridi hutoa nguvu kidogo. Jaribio la kugeuza mapanga kwa nguvu ya akiba pekee lifanywe panga moja moja kabla ya msimu.

Kagua pia raba za milango na vifuniko vya naseli. Theluji laini hupenya penye ufa wa kidole, huyeyuka juu ya kabati la umeme, kisha huganda tena usiku.

Kama mapanga yana hita, pima mkondo wa umeme wa kila panga peke yake. Ziko aina mbili. Ya kwanza hupuliza hewa moto ndani ya panga kuanzia shinani. Udhaifu wake ni kwamba ncha, penye barafu nyingi, ndiyo hupata joto la mwisho. Ya pili ni mikeka ya kaboni kwenye ukingo wa mbele, inayopata moto haraka lakini radi ikiipiga matengenezo yake ni magumu. Kwa aina zote mbili, hita ya panga moja ikifa ni afadhali kuzima zote. Mapanga mawili safi na moja lenye barafu ni mizani iliyopotoka, na mnara mzima utatikisika.

Kuitambua barafu ukiwa kwenye skrini

Usitegemee kifaa kimoja. Kihisi cha barafu kilichofungwa juu ya naseli hupima barafu ya naseli, na ncha ya panga inaweza kuwa mita 60 juu yake, ndani ya wingu. Vihisi vilivyofungwa ndani ya mapanga ni bora: hupima mtetemo wa asili wa panga, na panga likiongezeka uzito mtetemo huo hushuka.

Ukikosa hivyo, uzalishaji wenyewe husema. Hewa ikiwa chini ya sifuri na umeme ukabaki chini ya kawaida ya kituo kwa upepo ule ule kwa nusu saa na zaidi, hesabu kwamba kuna barafu. Hapa fundi wa Kenya anaweza kupotea kwa sababu ya uzito wa hewa. Pale Ngong, kwenye takriban mita 2,400 juu ya bahari, mita moja ya ujazo ya hewa ina karibu kilo 0.9. Ufukweni mwa Bahari ya Baltiki kwenye −30°C ina kilo 1.45. Upepo wa kasi ile ile unasukuma panga kwa nguvu zaidi ya mara moja na nusu. Usipoisahihisha grafu ya uzalishaji kwa uzito huo, mtambo wenye barafu utakuonyesha namba nzuri nawe utauacha uzunguke.

Kinyume chake pia hutokea: mtambo unazalisha umeme mwingi kuliko upepo unaosomeka. Mara nyingi ni kipimaupepo kilichoganda na kuzunguka polepole. Mtambo unaoamini upepo ni mdogo huku ni mkubwa utachelewa kujilinda. Funga kipimaupepo chenye hita kando ya kisicho na hita. Vikianza kutofautiana hewa ikiwa chini ya sifuri, barafu imeanza.

Kusimamisha na kukaribia

Mtambo usimamishwe kutoka mbali, kabla gari halijavuka mstari wa hatari. Chumba cha udhibiti kithibitishe kwa redio kwamba mapanga yametulia na kwamba amri ya kuwasha kutoka mbali imefungwa. Omba naseli izungushwe mpaka mapanga yasiwe juu ya mlango wala juu ya njia yako. Kisha tazama kwa darubini, panga moja baada ya jingine, ukingo wa mbele na ncha.

Ukiona barafu iliyoning'inia juu ya mlango, hakuna kazi. Si suala la kuvaa kofia ngumu, kwa sababu kofia ya kazi haikutengenezwa kwa kilo 10 zinazoshuka kutoka mita 100. Subiri idondoke, au iyeyushwe kwa hita za mapanga kama zipo, watu wakiwa nje ya mstari. Hata siku ambayo panga ni safi, naseli na kipenu cha mlango huhifadhi barafu yake. Njoo kutoka upande upepo unakotoka, egesha gari nje ya duara likielekea njia ya kutokea, tembea upesi bila kusimama kuzungumza, ingia, funga mlango.

Ndani ya mnara kuna mtego mwingine. Kishikio cha kuzuia kuanguka, kile kinachoteleza kwenye reli au waya wa ngazi, hufanya kazi kwa kubana. Reli yenye sakitu au waya wenye barafu hukifanya kiteleze kabla hakijabana, na huenda kisibane kabisa. Jaribu kwa kuning'inia nusu mita kutoka sakafuni kabla ya kupanda. Kamba na mikanda iliyolowa jana ikalala kwenye gari leo ni migumu kama fimbo. Irudishe ndani ikauke, usiitumie. Lifti ya mafundi na winchi ya naseli zina kikomo chake cha nyuzi, kimeandikwa kwenye kibao chake. Kikivukwa, panda kwa ngazi au ahirisha.

Usiingie ndani ya habu mapanga yakiwa na barafu. Pini ya kufungia rota (habu pamoja na mapanga yake) imepimwa kwa upepo wa kiasi fulani na mapanga yaliyosawazika, na barafu ya upande mmoja huongeza mzigo usio kwenye hesabu hiyo.

Kuwasha tena

Hapa ndipo haraka ya meneja na usalama wa watu hugongana. Kila saa ya kusimama ni pesa, na upepo wa baada ya dhoruba ya barafu mara nyingi ni mzuri. Fuata mpangilio bila kuruka.

1. Hakikisha kinachogandisha kimepita. Mawingu yakiwa bado yamefunika naseli na hewa iko chini ya sifuri, barafu mpya itashika ndani ya saa chache.

2. Kagua mapanga yote matatu kwa kamera au darubini, mchana. Panga lililo chini linaonekana vizuri. Yale ya juu yanakudanganya. Zungusha rota polepole kila panga lishuke zamu yake, ukiwa nje ya mstari. Kuwasha kwa otomatiki bila jicho la mtu kuachwe kwa mitambo yenye vihisi vya ndani ya mapanga vilivyoidhinishwa kwa kazi hiyo, na pale tu kibali cha kituo kinaporuhusu.

3. Kama umeme ulikatika na naseli ikapoa kabisa, anza na hita za makabati. Usiwashe kibadilishaji umeme kikiwa baridi. Joto la ghafla huleta umande juu ya bodi za elektroniki na hapo ndipo huungua. Subiri nyuzi na unyevu wa kabati vifike kwenye kiwango cha kitabu. Inaweza kuchukua saa nyingi, na hakuna njia ya mkato.

4. Pasha oili ya giaboksi hadi kiwango cha chini kilichoandikwa, pampu ikizunguka.

5. Ondoa watu duarani. Piga hesabu ya kila fundi kwa jina kwenye redio, kagua njia za theluji, washa taa za onyo.

6. Achia rota izunguke bila mzigo. Tazama mtetemo wa mnara. Mtetemo ukipanda kila mzunguko kwa mdundo ule ule, mapanga hayalingani uzito. Simamisha, rudi hatua ya pili.

7. Ongeza mzigo kidogo kidogo. Barafu iliyobaki huachia hasa panga linapoanza kupinda kwa nguvu ya upepo, kwa hiyo mstari wa hatari ubaki umefungwa mpaka uzalishaji urudi kwenye grafu yake na ukaguzi wa pili uonyeshe mapanga safi.

Hita zikiwa zinafanya kazi, angalia pia nyuma ya eneo lililopashwa. Maji yaliyoyeyuka ukingoni hukimbia nyuma na kuganda tena pasipo na joto, yakijenga ukuta mdogo. Dalili yake ni mtambo unaosema hita imemaliza kazi huku uzalishaji haurudi.

Jua la asubuhi baada ya usiku wa baridi ndiyo saa ya kumwaga. Upande unaopigwa na jua hupata joto hata hewa ikiwa bado −3°C, na barafu hutoka vipande vizima. Panga ziara zako zisiangukie saa hizo.

Mwili wako

Kwenye −20°C na upepo wa mita 10 kwa sekunde, ngozi iliyo wazi hupoa kana kwamba ni −34°C bila upepo. Kwa kiwango hicho huweza kuganda ndani ya dakika 10 hadi 30.

Jambo hili halielezwi vya kutosha kwa wafanyakazi kutoka Afrika. Tafiti za jeshi la Uingereza zimeonyesha kuwa askari wenye asili ya Afrika hupata majeraha ya baridi ya vidole vya mikono na miguu kwa urahisi zaidi kuliko wenzao weupe. Pia, picha za mafunzo huonyesha ngozi nyeupe iliyopauka. Kwenye ngozi nyeusi dalili ni rangi ya kijivu, kama majivu, na ngozi inayong'aa kama nta. Usingoje rangi. Uliza mwenzako kila robo saa kama anahisi vidole vyake, ashike nati ndogo bila kuiangalia. Ganzi ndiyo onyo. Kidole kilichokufa ganzi kiweke kwapani, usikisugue, usikikaribishe motoni. Maji ya kupashia yawe nyuzi 37 hadi 39, na usikipashe kama kuna uwezekano kitaganda tena kabla ya kufika kwa daktari.

Nguo: sufu au nyuzi za kutengenezwa mwilini, kamwe si pamba, maana pamba hushika jasho na kupanda ngazi ya mita 100 hutoa jasho hata kwenye −25°C. Panda ukiwa umepunguza nguo moja, ubebe koti kavu begani, uvae ukifika. Makoti mazito ya mitumba ya Gikomba yanafaa kwa safari na kwa kutembea mjini. Juu ya mtambo, mwajiri akupe mavazi yanayokaa sawa chini ya hanesi (mikanda ya usalama ya mwilini), na hanesi yenyewe ipimwe upya ukiwa umevaa yote, kwa kuwa mikanda iliyokaa vizuri juu ya fulana pale Ngong haitafika kifuani. Chukua glavu jozi tatu: nyembamba ya kushikia bolti, nene ya juu yake, na ya akiba iliyokaa kavu ndani ya koti. Chuma cha −30°C usikiguse kwa mkono mtupu.

Mwenzako akiacha kutetemeka huku bado ana baridi, akaanza kuburura maneno au kuangusha vifaa, mwili wake umepoa kwa hatari. Kazi inakoma hapo. Mlaze bila kumtikisa, mvue nguo zilizolowa, mfunike, mpe kinywaji chenye sukari kama anaweza kumeza vizuri.

Dhoruba inaweza kufunga barabara mkiwa juu. Kwenye naseli kuwe na mfuko uliofungwa kwa lakiri: mifuko ya kulalia kwa idadi ya mafundi, chakula na maji ya saa 24 yaliyohifadhiwa yasigande, taa za kichwani na betri za akiba, redio ya pili, na kifaa cha kushukia kwa kamba kilichokaguliwa mwaka huo. Msipande wawili kama mfuko ni wa mmoja. Kabla ya kupanda, mwambie mtu wa chumba cha udhibiti saa utakayopiga simu ukishuka, na mkubaliane atafanya nini saa hiyo ikipita.